Goti la Mama Chang-bae

Mguu wangu wa kulia haujui kutulia. Nikiketi, kisigino kinadunda sakafuni chenyewe, na kadiri mtu anavyoniambia niache ndivyo kinavyozidi. Shuleni nilichapwa kwa ajili hiyo. Kanisani mama alikuwa ananifinya paja mpaka linabaki na alama. Ajabu ni kwamba mikono yangu imetulia kana kwamba ni ya mtu mwingine, na ndiyo sababu, kati ya wahandisi wote wa maabara ya Profesa Bang hapa Gwangju, ni mimi Tak Yeon-ju ninayekabidhiwa kijiti cha kuongozea. Mguu unahangaika chini ya meza, mkono unafanya kazi juu yake.

Tunachoongoza ni vijimashine vidogo kiasi kwamba mia moja vinaweza kukaa juu ya punje ya mchele bila kusukumana. Havina betri wala waya. Vina chembe ya chuma, na vimetobolewatobolewa kama sifongo, na ndani ya matundu hayo tunaotesha seli za mgonjwa mwenyewe. Daktari anavipiga sindano ndani ya goti, mgonjwa analazwa katikati ya koili nane kubwa, nami nasukuma kijiti. Umeme wa kwenye koili unabadilika, nguvu ya sumaku inageuka, na vijimashine vinafuata kwa kundi mpaka pale gegedu, lile tabaka laini la kati ya mifupa, lilipolika. Hapo tunavifunga kwa mkanda wenye sumaku nyepesi, vitulie saa kadhaa vipate kushika. Mwisho tunawasha mtetemo mwingine wa sumaku, wa haraka haraka, vinafunguka na kuachia seli. Vikishafunguka hatuviendeshi tena. Vilipo ndipo hapo hapo.

Tulikuwa tumejaribu kwa nguruwe mpaka nguruwe, wangekuwa na wakili, wangetushtaki. Siku ile ilikuwa zamu ya binadamu wa kwanza, na tangu alfajiri nilikuwa sijaweza kumeza hata kijiko cha supu.

Kabla mgonjwa hajaletwa, Profesa Bang alitukusanya mbele ya koili tuiombee mashine, kama inavyofanywa kwa gari jipya au duka jipya. Kwa kawaida hapo panawekwa kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, keki za mchele na pombe, watu wanasujudu, kazi inaanza. Hospitali ilikataa kichwa. Profesa, ambaye ana shahada tatu na anaogopa mikosi kuliko mama yangu, akaweka picha ya nguruwe kwenye skrini, nguruwe anayetabasamu, tukapiga magoti mbele yake tumevaa makoti meupe.

"Nguruwe huyu huyu tuliyewatoboa ndugu zake magoti, leo ndiye tunamwomba baraka?" nilimnong'oneza Daktari Myeong, bingwa wa mifupa, mwanamke mrefu, mkavu.

"Nyamaza," alisema. "Usimkumbushe."

Mgonjwa aliletwa akiwa ameketi kwenye kitanda cha magurudumu, hataki kulala. Mwili mdogo, uso umeungua na jua, vidole vinene vya mtu aliyeng'oa vitunguu mashambani Muan maisha yake yote. Jina lake lilikuwa Pyo Jeom-rye. Akatazama koili, akatazama meza yangu, halafu akatazama chini ya meza yangu.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo, Bibi."

"Bibi wa nani? Mimi sina mjukuu. Niite Mama Chang-bae."

"Sawa, Mama Chang-bae."

"Umeolewa?"

"Bado."

"Utaolewaje? Unatikisa mguu hivyo, bahati yote inadondoka. Na huo mkono nao unatikisika?"

"Huo hapana."

"Uoneshe."

Nikaunyoosha mbele ya uso wake. Akaukodolea macho kwa muda, halafu akalala mwenyewe bila kuambiwa.

Goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha. Miaka na miaka ya kuchutama kwenye matuta, na sasa mfupa ulikuwa unasaga mfupa. Daktari Myeong alikuwa amemweleza habari ya goti la bandia, akakataa, kwa sababu jirani yake aliwekewa na sasa hawezi kuchutama hata kidogo. Yeye alitaka kuchutama. "Nyumbani kwangu uani napita kwa makalio," alikuwa amemwambia daktari siku ya kwanza. "Jogoo wangu ananiangalia. Jogoo ananidharau, wewe unanielewa?" Seli zilichukuliwa kwenye mafuta ya tumbo lake na kuoteshwa majuma mengi. Zilitosha mara moja tu, na kanuni za majaribio hazikuruhusu mara ya pili. Zikiharibika, atarudi kwa jogoo.

Basi nikaendesha. Kwenye eksirei vijimashine vilionekana kama kivuli cha vumbi, na lile vumbi nikalipitisha kando ya mfupa taratibu, nikaligeuza, nikalishusha mpaka kwenye lile shimo la gegedu. Goti lilikuwa limetiwa ganzi lakini mwenyewe alikuwa macho, na muda wote alikuwa anauliza. "Chawa wako wamefika wapi?" Nikamwambia wako nusu ya njia. "Wasije wakashuka kituo kisicho chao." Profesa alicheka kwa pua. Vumbi likatua mahali pake, zuri, limetandaa lote. Daktari Myeong akafunga mkanda, na mama akapelekwa wodini akalale mpaka mchana, ndipo tuje kuvifungua.

Nilipaswa kupumzika. Nilitembea. Nilipanda ngazi mpaka juu, nikashuka, nikanunua kahawa ya mashine, nikaiacha juu ya mashine. Nilirudia picha za asubuhi na zote zilikuwa nzuri, na bado nilikuwa kama niliyeacha jiko linawaka nyumbani.

Saa saba walimrudisha chumba cha eksirei kwa ukaguzi. Profesa Bang alikuwa amesimama mbele ya skrini, mimi nyuma yake.

Shimo la gegedu lilikuwa tupu. Vumbi lote lilikuwa limeteremka nyuma ya goti, limejikusanya penye mkunjo, mbali kabisa na kidonda.

"Yeon-ju," alisema Profesa bila kugeuka. "Uliviweka wapi?"

"Uliona nilipoviweka."

"Nauliza."

"Na mimi najibu. Uliona, alama kwenye picha uliiweka wewe mwenyewe!"

Hapa kwetu mwanafunzi hampandishii profesa sauti, hata akiwa mwanafunzi aliyekwisha kumaliza masomo miaka mingi iliyopita. Lakini nilikuwa nimewaka. Alidhani niliviacha vikining'inia, havijakaa vizuri, vikaanguka. Nami nilijua havianguki. Ni vyepesi mno kuanguka. Kitu kilikuwa kimevivuta.

"Seli zina uhai mpaka saa kumi," Daktari Myeong alikatiza. "Zikipita hapo zikiwa bado ndani ya vijimashine zinaanza kufa. Tuna nafasi ya kuvirudisha mara moja. Lakini siwashi koili mpaka nijue kilichovishusha, maana kitavishusha tena."

Koili zilikaguliwa, hazina kitu. Mkanda ukapimwa, ni ule ule. Mgonjwa alipekuliwa upya, hana hata pini ya nywele. Nikakimbia wodini walikomrudisha, nikimuuliza kabla sijafika kitandani.

"Mama Chang-bae, ulikunja goti?"

"Sijakunja."

"Ulikwenda chooni?"

"Nimejibana tangu asubuhi, unataka nini tena?"

Niliinama kumrekebishia mto. Kitambulisho changu kina kibanio cha chuma, kinaning'inia shingoni kwa utepe. Kiligonga ukingo wa kitanda, tak, kikabaki hapo. Nikavuta. Kikang'oka kwa shida, nilipokisogeza kikaruka tena kikashika palepale.

Nikafunua shuka la hospitali. Chini yake, juu ya godoro la hospitali, kulikuwa na godoro jingine jembamba, la kitambaa cha waridi kilichopauka, limeshonwa kwa miraba, na ndani ya kila mraba duara ngumu la ukubwa wa kifungo cha koti. Safu kwa safu, kutoka mabegani mpaka miguuni. Safu moja ilikuwa imepita sawia chini ya goti la kushoto.

Nilijua ni nini. Kila mtu wa rika langu anajua. Tulipokuwa wadogo kila nyumba ilikuwa na shangazi au mjomba aliyeingia kwenye biashara ya magodoro ya sumaku: ukilalia unapona mgongo, shinikizo, sukari, na ukiwauzia watu kumi nao wakauzia kumi, unakuwa tajiri. Wagonjwa wetu wanakuja na blanketi zao, mito yao na kachumbari yao ya kimchi, na muuguzi alipoona bonge la matandiko hakuona la ajabu. Tulikuwa tumempekua mama wa watu mpaka kwenye meno. Kitanda hakuna aliyekipekua.

"Mama! Hiki ni nini?"

"Godoro langu."

"Tulikwambia usilete chuma!"

"Hilo ni chuma? Hilo ni pamba." Kisha, kwa sauti ya chini: "Mnasema sumaku, sumaku, mimi nikadhani zitasaidiana."

Daktari Myeong na Profesa walikuwa wamefika mlangoni, wakaona, wakaelewa bila kuambiwa. Profesa akashika kichwa. Daktari hakupoteza muda.

"Mama, sikiliza vizuri. Tunakwenda kujaribu kuvirudisha. Lakini hata vikishafunguka, chembe za chuma zitabaki na zile seli kwa majuma mengi, mpaka gegedu liote. Ukirudi nyumbani ukalalia hili, litazing'oa. Niahidi hutalilalia mpaka nikuruhusu."

"Sitaahidi."

"Nini?"

"Mimi siahidi uongo. Nikifika nyumbani nitalilalia."

"Basi siwashi koili. Nitavitoa kwa sindano, habari iishe hapo. Siwezi kukuachia vyuma ndani ya goti viende vinakotaka."

"Vitoe."

Yaani aliitikia kama aliyeulizwa kama anataka chai. Nilitaka kumtikisa. Majuma yote yale, nguruwe wote wale, na goti lenyewe ni lake, si langu! Nikawaomba wenzangu wanipe dakika chache. Daktari akatazama saa ya ukutani, akatoka, Profesa akamfuata.

"Kwa nini?" nilimuuliza, nikiketi ukingoni mwa kitanda. "Godoro la zamani hivi. Ni la nini?"

"Ni la Chang-bae."

Akanieleza huku anatazama dari. Chang-bae ni mwanawe wa pekee. Alikuwa kijana wa kuamini haraka, ndio upungufu wake wote. Alikwenda mjini kwenye mikutano ya wauza magodoro, akaimbishwa, akapigishwa makofi, akarudi amevaa suti akawauzia kijiji kizima. Aliuzia wajomba, akauzia mchungaji, akauzia mjane wa nyumba ya pili. Kampuni ilipoanguka, watu walibeba magodoro yao mmoja mmoja wakayarundika uani kwa mama yake, mpaka mlango haufunguki. Wakasema ni tapeli. Wakasema hata sumaku zenyewe si sumaku, ni bati limepakwa rangi. Kijana akahama kabla mvua za majira ya joto hazijaanza. Yuko Mokpo, anapaka rangi meli kwenye karakana. Anapiga simu sikukuu ya mavuno na mwaka mpya. Hajakanyaga kijijini tena, zaidi ya miaka ishirini.

"Mokpo?" nilisema. "Si hapo tu? Ni saa moja kutoka hapa!"

"Kwa basi ni saa moja," alikubali.

"Na wewe ukaendelea kulilalia."

"Kila siku. Wakiniuliza hali, nasema nimepona, godoro la mwanangu limeniponya. Wanacheka. Waliacha hata kuniita Mama Chang-bae, wananiita yule wa juu kisimani. Goti lilipozidi niliwaambia nakwenda Gwangju harusini." Akanigeukia. "Siku nitakayolala nje ya godoro hili, nitakuwa nimekubaliana nao kwamba ni tapeli. Alilitandika yeye kwa mikono yake. Akitaka litanduliwe, aje alitandue."

Hapo hasira ilinizidi. Nilikuwa na njaa, nilikuwa nimeitwa mzembe mbele ya skrini, na saa ya ukutani ilikuwa inasonga.

"Mama Chang-bae, umeliona hili?" Nikashusha kibanio changu, tak, kikashika. "Hizi ni sumaku, tena sumaku kali! Zimekaa miaka yote hiyo na bado zimevipokonya vijimashine vyangu mahali nilipoviweka, zimepitisha nguvu kwenye nyama na ngozi, zimevikokota mpaka nyuma ya goti. Mimi natumia koili za tani mbili kufanya kazi hiyo!"

Aliinuka kwa viwiko.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hilo la mwanzo."

"Nimesema ni sumaku."

"Za kweli?"

"Za kweli kabisa."

"Si bati?"

"Bati lingevuta kitu?"

Nilidhani atalia, kumbe alikuwa anacheka, na machozi yanatoka hapo hapo, ikawa sijui nimpe maji au nimpe kitambaa. "Si bati," alisema. "Mchungaji alisema ni bati. Mtu wa Mungu!" Kisha akazamisha mkono ndani ya mkoba wake, akatoa simu ya kukunja, akanitupia mapajani. "Usiniambie mimi. Mimi nilikuwa najua. Mwambie yeye."

"Sasa hivi?"

"Wewe si ndiye mwenye haraka?"

Namba ilikuwa ya kwanza. Ikaita mara moja tu.

"Mama? Kuna nini?" Nyuma yake palikuwa na kelele za vyuma. "Mama!"

"Si mama yako. Mama yako mzima. Naitwa Tak Yeon-ju, ni mhandisi, niko naye hospitali Gwangju."

"Hospitali?" Kelele zikapungua, alikuwa anakimbilia mahali. "Ameanguka?"

"Hajaanguka. Anatibiwa goti."

"Goti lina nini? Mimi ananiambia amepona."

Nikamtazama mama. Akatazama pembeni.

"Sikiliza, kaka," nilisema, na nikaweka sauti ya nje ili naye asikie. "Amekuja na godoro lako. Amelilalia na dawa yetu iko ndani ya goti, na sumaku zako zimeivuta dawa yote mahali pasipo pake."

Akajibu taratibu, kama mtu anayekiri mbele ya polisi: "Dada, hizo si sumaku. Ni bati. Kijiji kizima kinajua."

"Kijiji kina koili ngapi? Mimi kazi yangu ni sumaku tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, sina kazi nyingine, hata mume sina. Nakwambia ni sumaku. Kuponya haziponyi kitu, hilo usije ukamdanganya mtu tena. Lakini waliosema umewauzia bati ndio waliokosea."

Nilisubiri afurahi. Nilikuwa mjinga, sikuwaza angelisikiaje hilo.

"Kwa hiyo nimemharibia goti," alisema.

"Bado."

"Nimemharibia. Kila ninachogusa pale nyumbani..."

"Weee, kaka, sina muda wa hayo! Lina dawa ya kutosha mara moja, nina mpaka saa kumi, na mama yako hataki kuahidi kuliacha godoro mpaka wewe ulitandue. Mimi siwezi kumwinua kwa nguvu. Njoo uchukue godoro lako."

"Nije?"

"Uje."

"Mbele yake?"

Mama Chang-bae alikuwa amekaa wima sasa, mguu uliofungwa mkanda umenyooka mbele yake. Alipiga kelele kuelekea kwenye simu kana kwamba Mokpo iko ng'ambo ya bonde: "Na usilete matunda ya zawadi! Matunda yapo!"

Nilitazama skrini ya simu nione kama amekata. Mguu wangu ulikuwa unadunda mpaka kitanda kinatikisika, na mama akanipiga kofi la paja bila kunitazama.

"Mama," sauti ilisema mwishowe. "Shuka juu yake. Shuka sasa hivi, usiningojee. Nakuja kulichukua."

"Unakuja kweli?"

"Navua ovaroli."

Mama akanipokonya simu, akaikunja kwa uangalifu, akairudisha mkobani, akafunga zipu. "Haya, nishusheni," alisema. "Mnangoja nini? Muda si unawaishia?"

Tulimbeba kwenye kitanda kingine, Daktari Myeong upande wa kichwa, mimi miguuni. Kwa daktari alisema ile ahadi waziwazi, mara mbili, bila kuombwa. Koili ziliwashwa zikaanza kunguruma.

Mara ya pili haikuwa kama ya kwanza. Vijimashine vilikuwa vimeshikana kwa ile sumaku ya godoro, vimekuwa bonge, na bonge halipiti penye wembamba kati ya mifupa. Ilinibidi niviyumbishe, huku na huku, ili viachane, na kila nikiviyumbisha vichache vilinaswa kwenye utando na kubaki. Profesa Bang alikuwa anataja muda nyuma yangu kwa sauti kavu. Nilimwambia anyamaze, na akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia tena. Jasho liliniingia jichoni, sikulifuta. Mama Chang-bae hakuuliza chawa wamefika wapi. Alikuwa anautazama mlango.

Tulipofika kwenye kidonda, vumbi lilikuwa limepungua. Labda theluthi mbili ya la asubuhi. Kuna ukingo mmoja wa lile shimo haukupata kitu, na mpaka leo nikifumba macho nauona ule ukingo.

"Inatosha?" niliuliza.

"Ndicho kilichopo," alisema Daktari Myeong. "Fungua."

Nikawasha ule mtetemo wa haraka. Kwenye skrini hakuna kilichobadilika, vumbi ni vumbi, lakini kipimo cha pembeni kilionesha vimefunguka. Haikuwa imetimia saa kumi. Profesa alikwenda kukaa kwenye kiti cha kona, akavua miwani, akaanza kuwaza atakavyoieleza kamati habari ya godoro la waridi.

Chang-bae alikuja kabla ya chakula cha jioni. Mwanamume mnene, wa miaka arobaini na kitu, rangi nyekundu ya meli bado iko kwenye kucha na nyuma ya sikio. Alisimama mlangoni mwa wodi ameshika mfuko wa matunda, matikiti madogo ya njano, na hakuingia. Aliinama mpaka kichwa kikakaribia magoti, akabaki ameinama.

"Umenenepa," mama yake alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nilisema usilete matunda."

"Ndiyo."

"Godoro lako liko kule. Libebe."

Godoro lilikuwa kwenye kitanda tupu cha mwisho, tulipoliacha. Alilifikia akaligusa kwa kiganja, akapapasa duara moja moja kupitia kitambaa. Nikamvulia kitambulisho changu nikampa. Akakishusha, tak. Akakinyanyua, akakishusha tena. Alirudia mara nyingi, ametugeuzia mgongo, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

Kisha akaliviringisha, akalikumbatia kifuani, likawa kubwa kuliko yeye, akatoka nalo akishindwa kuona mbele. Badala ya kwenda kushoto kwenye lifti akakata kulia, kwenye ukumbi unaopita chumba cha koili, ambako vijimashine vya majaribio ya juma lijalo vilikuwa vimepangwa mezani kwenye vichupa vyao.

"Sio huko!" nilipiga kelele.

"Rudi! Rudi nyuma!" Profesa Bang alichomoka chumbani mwake ametandaza mikono kama anayezuia ng'ombe. "Na hilo godoro usipite hapa! Hata hatua moja!"

Daktari Myeong, ambaye sijawahi kumwona akikimbia, alikimbia. Tulimzunguka watatu, makoti meupe yanapepea, tukimsukumia ngazi za nyuma na yeye anaomba radhi kila upande kutoka nyuma ya lile bonge la waridi.

Kitandani Mama Chang-bae alikuwa amejiinua aone kupitia mlango. Alimshika mkono mgonjwa wa jirani, bibi asiyemjua, aliyevunjika nyonga.

"Unawaona?" alimwambia. "Maprofesa hao. Wanazikimbia sumaku za mwanangu."